Ngamia Kwanza, Mtu Baadaye: Mjadala wa Vipimo vya Sanamu za Wahusika Ukiangaliwa Kutoka Garissa

Wakusanyaji wa sanamu za wahusika, zile za mashujaa wa filamu na katuni ambazo mikono na magoti yake hukunjwa, wamegawanyika kwa miaka mingi juu ya suala moja: urefu. Wapo wanaoshikilia sentimita 9 na nusu, kipimo kilichotawala maduka ya Marekani kuanzia mwisho wa miaka ya 1970. Wapo wa sentimita 15, ambao siku hizi ndio wenye sauti kubwa zaidi. Na wapo wenye mifuko mizito wasiotaka kusikia lolote chini ya sentimita 30. Hoja zao karibu zote huanzia kwenye sanamu yenyewe: uso unafanana kiasi gani na wa mwigizaji, vidole vinashika silaha vizuri au la, goti linakunjika mara moja au mara mbili. Makala haya yanadai kwamba wameanzia pasipofaa. Urefu wa sanamu ya mtu huamuliwa na kile kikubwa kabisa ambacho mtu huyo lazima aandamane nacho. Dai hili linapimika vizuri sana Kaskazini Mashariki mwa Kenya, kwa kuwa katika Garissa, Wajir na Mandera ni vigumu kumchora mtu na maisha yake ukamwacha ngamia nje ya picha.

Historia yenyewe ya sanamu hizi inatoa ushahidi. Kampuni ya Hasbro ilipomtoa askari wake G.I. Joe mwaka 1964, ilimpa urefu wa sentimita 30, karibu sawa na mwanasesere Barbie aliyeingia sokoni mwaka 1959. Kimo hicho kilifaa kwa kuwa sanamu ilikusudiwa kuvishwa na kuvuliwa: sare, buti, mikanda. Miaka ya 1970 kampuni ya Mego ikashusha kimo hadi sentimita 20 hivi kwa mashujaa wake waliovaa nguo za kitambaa. Kisha ikaja filamu ya Star Wars mwaka 1977. Kampuni ya Kenner ya Cincinnati, iliyochukua haki ambazo Mego ilizikataa, ilikabiliwa na swali ambalo halikuwa la uso wala nguo. Filamu ile ilijaa vyombo vya angani, na mtoto angetaka kumwingiza rubani ndani ya chombo chake. Kwa rubani wa sentimita 30, chombo kikuu cha filamu kingelingana na kitanda. Hata kwa sentimita 20 kisingeingia kwenye rafu ya duka wala kwenye bajeti ya mzazi. Sanamu za mwaka 1978 zikatoka na sentimita 9 na nusu, na mwaka uliofuata chombo cha Millennium Falcon kikauzwa kikiwa na nafasi ya marubani wake. G.I. Joe naye, aliyekuwa amepotea sokoni, alirudi mwaka 1982 akiwa na kimo hichohicho, akifuatana na vifaru na magari ya jipi.

Mpinzani atasema kwamba hapo nimeiruka sababu halisi, yaani mafuta. Ni kweli kwamba bei ya mafuta ilipanda ghafla mwishoni mwa 1973, na plastiki hutokana na mafuta. Mwaka 1974 kampuni ya Takara ya Japani ilitoa Microman wa sentimita 10 hivi, na Ujerumani ikatoa Playmobil za Hans Beck zenye sentimita 7 na nusu; zote mbili zilizaliwa katika msukosuko huo. Hesabu ni kali kuliko watu wanavyodhani. Sanamu ikiongezwa urefu mara mbili, ujazo wake huongezeka mara nane. Kutoka sentimita 9 na nusu hadi 30 ni zaidi ya mara tatu kwa urefu, lakini kwa ujazo ni kama mara thelathini. Hata ukiifanya iwe tupu ndani, gharama haiwezi kulingana. Nakubali kwamba mafuta yalisukuma. Hata hivyo bei peke yake ingeweza kuleta sanamu za kila kimo kilicho chini ya 30. Kilichokifanya kimo kimoja kidumu, kikaigwa na makampuni hasimu, ni kwamba mtu na chombo chake waliweza kukaa katika kipimo kimoja ndani ya chumba cha kawaida. Bei ilifungua mlango, na vyombo vikachagua kiti.

Sasa tulihamishe swali hadi Garissa. Tuseme fundi au kampuni fulani inataka kutoa mfululizo wa sanamu za maisha ya huku: mchungaji, mama mjenzi wa aqal (nyumba ya kuhamishika ya wafugaji), mwalimu wa duksi (chuo cha Kurani), dereva wa lori la mifugo, mwenye mkokoteni wa punda anayesambaza maji mitaani, askari wa wanyamapori. Wakusanyaji wangeanza kubishana juu ya nyuso. Tuanze na msafara. Ngamia mkubwa ana kimo cha takriban mita 2 mgongoni na urefu wa kama mita 3 kutoka kifuani hadi mkiani. Katika kipimo cha sentimita 9 na nusu, ambacho ni moja kwa kumi na nane, ngamia huyo atasimama sentimita 11 na kuchukua sentimita 17 za sakafu. Katika kipimo cha sentimita 15, yaani karibu moja kwa kumi na mbili, atasimama sentimita 17 na kuchukua 25. Katika kipimo cha sentimita 30, moja kwa sita, atasimama sentimita 33 na kuchukua nusu mita. Wapange ngamia kumi mmoja nyuma ya mwingine, maana ngamia mmoja si msafara. Katika kipimo kidogo wanakuwa mstari wa mita 1 na sentimita 70, ambao mtoto anaweza kuupanga juu ya mkeka akaufikia kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Katika kipimo cha kati wanafika mita 2 na nusu. Katika kipimo kikubwa ni mita 5, na hapo chumba kimekwisha kabla hujaweka hata mbuzi mmoja. Lori la urefu wa mita 10 linalobeba mifugo kutoka soko la Garissa kwenda Nairobi litakuwa na sentimita 56, au 83, au mita 1 na sentimita 67. Aqal yenye upana wa mita 3 itachukua sentimita 17, 25 au 50. Kwa kila kitu ambacho maisha ya huku yanakihitaji, kipimo kidogo kinakubali na kikubwa kinakataa.

Tena mbuzi hawezi kuachwa nje ya hesabu. Mbuzi wa sentimita 65 anakuwa na kimo cha sentimita 3 na nusu hivi katika moja kwa kumi na nane. Hapo tofauti kati yake na ngamia inaonekana kwa jicho, na tofauti hiyo ndiyo maarifa yenyewe ya mfugaji: nani hula majani ya juu ya mgunga na nani hula ya chini, nani hukaa siku nyingi bila maji na nani lazima arudishwe kisimani. Mifuko ya wanyama wa plastiki inayouzwa katika maduka mengi ya Kenya humweka simba, twiga, tembo na pundamilia wakiwa na kimo kimoja, kwa kuwa wote lazima waingie kwenye mfuko mmoja na kugharimu plastiki ileile. Mtoto wa Nairobi pengine hatalalamika. Mtoto aliyemwona twiga akivuka barabara ya Garissa anajua papo hapo kwamba ameuziwa uongo.

Hapa ndipo mchezo wa kienyeji unapostahili kutazamwa kwa heshima, kwani umekuwa ukitatua tatizo la kipimo muda mrefu kabla ya Hasbro. Watoto wa wafugaji hupanga mawe yakawa mifugo: makubwa ngamia, madogo mbuzi na kondoo, na miiba iliyokatwa huwa zizi. Jiwe halina uso wala viungo, lakini uwiano upo, na uwiano ndio unaoubeba mchezo. Watu wazima nao huchora shax mchangani, mchezo wa Wasomali ambao kila mchezaji ana vipande kumi na viwili, na vipande hivyo huokotwa palepale, mmoja akitumia vijiti na mwenzake mawe. Jamii inayohama huchagua vitu kwa uzito wake. Aqal yenyewe, nyumba ya fito zilizopindwa na mikeka, hujengwa na wanawake kwa namna ya kuweza kufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia. Katika mzigo kama huo kila kitu hupiganiwa nafasi, na kichezeo cha nusu mita hakingepita. Kambi za Dadaab nazo, zilizoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa Ifo, Dagahaley na Hagadera, zimelea watoto ambao familia zao huishi zikijua kwamba huenda zikahama tena, kurudi Somalia au kwenda ng'ambo kwa mabegi machache. Katika hali hiyo, kichezeo kinachoenea mkononi hakiachwi nyuma.

Lakini je, si watoto haohao wanaotengeneza magari makubwa? Mitungi ya plastiki na mikebe ya mafuta ya kupikia hukatwa ikawa malori, magurudumu yakachongwa kutoka kandambili kuukuu, na gari zima likasukumwa kwa fimbo ndefu. Huu ni upinzani wa maana, na wanaopenda sanamu kubwa wangeweza kuushika. Ukitazama vizuri, hata hivyo, malori hayo hayana dereva ndani. Dereva ni mtoto mwenyewe, anayekimbia nyuma na kunguruma kama injini. Gari la namna hiyo limepimwa kwa mwili wa mtoto: fimbo hufika kiunoni pake, na upana hutosha kuvuka mashimo ya njia yake. Kuna michezo ambayo mtoto yumo ndani yake, na kuna michezo ambayo mtoto yuko juu akiwatawala watu wadogo. Sanamu ya mhusika ni ya aina ya pili. Mara tu unapoweka mtu mdogo kwenye usukani, kipimo kinahama kutoka kwa mtoto na kuwa cha mtu huyo mdogo na vyote vinavyomzunguka. Wakusanyaji wengi huchanganya aina hizi mbili, na nusu ya ugomvi wao ungekwisha wakizitenganisha.

Upinzani wa pili ni mzito zaidi kwa kuwa unatoka kwa watu wanaovipenda vitu hivi kwa dhati. Wanasema sanamu ndogo haina uso. Kwa zile za 1978 ni kweli: viungo vitano tu, shingo, mabega na nyonga, na nyuso zilizotofautishwa kwa rangi ya nywele. Kipimo cha sentimita 15, kilichopata nguvu kwa Marvel Legends za mwaka 2002 na baadaye Star Wars: The Black Series za 2013, kilileta sura inayotambulika. Mkenya ana sababu ya pekee ya kulijali hili. Lupita Nyong'o alipoigiza Nakia katika filamu ya Black Panther ya 2018, Hasbro ilimtoa kwa sentimita 15, na kumwona mwigizaji wa nyumbani akitambulika katika plastiki si jambo la kudharau. Lakini mwigizaji huyohuyo alimpa sauti Maz Kanata katika filamu ya Star Wars ya 2015, kiumbe mfupi mwenye miwani mikubwa, na sanamu yake ilitoka pia katika mfululizo wa kipimo kidogo. Ukimtazama Maz peke yake, huelewi chochote. Ukimsimamisha kando ya wenzake wa kipimo kile unaona ufupi wake, na ufupi huo ni sehemu ya tabia yake. Uso unaonyesha huyu ni nani; uwiano unaonyesha yuko wapi kati ya wengine. Kwa rafu ya mkusanyaji mmoja mwenye mashujaa ishirini, nakubali, uso unashinda. Kwa mfululizo wenye mifugo, nyumba na lori, uwiano una haki ya kwanza. Isitoshe, uchapaji wa nyuso kwa mashine umeendelea kiasi kwamba hata kichwa chenye ukubwa wa punje ya hindi leo hubeba macho yenye mboni.

Wengine watamtaja shujaa wa vichezeo He-Man. Mwaka 1982 kampuni ya Mattel ilimpa kimo cha sentimita 14 hivi na kumpandisha juu ya chui milia mkubwa Battle Cat, ambaye kalibu yake ilitokana na chui milia aliyetengenezewa mfululizo wa zamani wa Big Jim, sanamu ndefu zaidi. Chui alimzidi shujaa kwa ukubwa, basi wakamtia tandiko. Kosa la kipimo likazaa mmoja wa wanyama wanaopendwa zaidi katika historia ya vichezeo. Je, hiyo haionyeshi kwamba uwiano unaweza kuvunjwa bila madhara? Inaonyesha kwamba unaweza kuvunjwa mahali ambapo mtoto hamjui mnyama. Hakuna aliyewahi kumpima chui wa Eternia, sayari ya kubuni ya He-Man. Ngamia, kwa upande wake, amepimwa na kila mtoto aliyewahi kusimama chini ya shingo yake.

Kuhusu mavazi sitabishana sana. Kitambaa hakitii katika sentimita 9 na nusu: shuka la macawis hukakamaa, na hijabu husimama kama karatasi. Fulla, mwanasesere wa kampuni ya NewBoy aliyeingia masoko ya Kiarabu mwaka 2003 akiwa na abaya na mtandio, ana karibu urefu wa Barbie kwa sababu mtoto hucheza na nguo zake. Huyo ni mwanasesere, na kitu kikubwa anachoandamana nacho ni kabati la nguo. Kabati la nguo linaruhusu sentimita 30 bila kujaza chumba. Kanuni ni ileile, jibu limebadilika kwa kuwa mwandani amebadilika. Kwa mchungaji wa msafara, vazi lichongwe pamoja na mwili.

Lipo suala ambalo wakusanyaji wa Marekani hawaligusi na ambalo Kaskazini Mashariki haliwezi kurukwa. Wengi wa wakazi wake ni Waislamu, na sanamu za viumbe zina hukumu zake. Wapo wanazuoni wanaozikataa zote, na wapo wengi wanaoruhusu vichezeo vya watoto, wakitegemea hadithi mashuhuri za Bibi Aisha akicheza na wanasesere, na ile ya farasi wake mwenye mabawa ya kitambaa. Makala haya hayana mamlaka ya kutoa fatwa. Ninachokiona ni kwamba ruhusa hiyo, kwa wanaoikubali, imejengwa juu ya mchezo wa mtoto. Sanamu iliyowekwa kwenye kabati la kioo la mtu mzima, ikiwa na taa juu yake, ina kazi kubwa zaidi ya kujitetea. Hapa mkusanyaji na mzazi wa Garissa hawako upande mmoja, na fundi anayetaka kuuza Garissa amsikilize mzazi. Kitu kidogo, chenye uso mwepesi, kinachobebwa, kuchafuliwa na kupangwa upya kila siku, kiko karibu zaidi na kile kilichoruhusiwa.

Udogo una hatari yake, na hatari hiyo haipunguzwi kwa maneno. Mwishoni mwa 1978 mtoto mmoja nchini Marekani alikufa baada ya kombora dogo la plastiki kutoka kwenye kichezeo cha Battlestar Galactica kumkwama kooni, na Kenner ikaacha mpango wa kumuuza Boba Fett, mhusika wa Star Wars, akiwa na kombora linaloruka. Marekani hutumia kipimo cha silinda chenye upana wa sentimita 3.17: kitu chochote kinachotumbukia humo kizima hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Sanamu ya sentimita 9 na nusu hainaswi na silinda hiyo, lakini mwana-mbuzi wake angenaswa. Suluhisho ni la ufundi, nalo linawezekana: mbuzi wadogo watengenezwe wawili au watatu wakiwa wameshikana juu ya kipande kimoja cha ardhi, fimbo ya mchungaji iungane na mkono, na ndoo za punda zisitoke mkokotenini. Fundi atakayepuuza hilo ili apate sifa ya vipande vingi asiuze kichezeo chake popote.

Na atakuwa nani huyo fundi? Kutoka Nairobi hadi Garissa ni takriban kilomita 370, na hadi Mandera ni zaidi ya 1,000. Kila sentimita ya sanduku hulipiwa nauli kabla ya kufika Suuq Mugdi, soko la mjini Garissa, na huo ni mzigo mwingine dhidi ya kipimo kikubwa. Lakini si lazima kila kitu kitoke mbali. Akamba wa Wamunyu, kwa sanaa inayohusishwa na Mutisya Munge baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wamekuwa wakichonga wanyama wa kimo kinachoingia kwenye sanduku la msafiri, maana wanajua nani atawabeba. Kiunga, jirani ya Garissa upande wa pwani, ndiko mwaka 1997 mhifadhi Julie Church alipowaona watoto wakitengeneza vichezeo kwa kandambili zilizoletwa na bahari, na kazi iliyofuata ikazaa Ocean Sole, inayochonga wanyama kwa mpira huo, wengine wa kuenea kiganjani na wengine wenye ukubwa wa tembo hai. Mpira wa kandambili ni mwepesi, haujeruhi na huchongwa kwa kisu.

Nyenzo hiyo inalitatua tatizo moja ambalo plastiki ingelifanya ghali. Katika moja kwa kumi na nane, hirola, swala aliye hatarini kabisa kutoweka na ambaye tangu 2012 ana eneo lililozungushiwa uzio katika hifadhi ya Ishaqbini, atasimama kama sentimita 6. Huyo ni rahisi. Twiga wa mita 5 wa hifadhi ya Bour-Algi, karibu na mji wa Garissa, atafika sentimita 28 na kuwa kipande chenye kimo kikubwa kuliko vyote katika mfululizo. Kampuni ya plastiki ingeshawishika kumpunguza hadi 15 ili aingie kwenye sanduku la wenzake. Achongwe kwa mpira, Garissa kwenyewe, auzwe peke yake, naye abaki na sentimita zake zote 28.